Songs for the Poor Man ya Dr Remmy: uisikilize kwa kaseti, santuri, CD au simu?

Kila tukikaa wapenzi wa dansi la zamani lazima mtu aulize, jamani hii albamu ya Songs for the Poor Man ya Remmy naipataje niisikilize vizuri, na hapo ndo kazi inaanza maana watu wanne wanatoa majibu matano. Mwenye kaseti anasema hakuna kama kaseti, mwenye santuri anatikisa kichwa tu, mwenye CD anasema nyie wawili mnasikiliza mikwaruzo siyo muziki, halafu kijana aliyekaa pembeni anauliza sasa mnabishana nini wakati ipo hapa, anabonyeza simu, wimbo wa Karola unaanza kulia kwenye kaspika kale kadogo na wote tunanyamaza. Basi nimeona niyaweke yote pamoja, kila njia na uzuri wake na shida zake, we mwenyewe utaona ipi inakufaa.

Kwa ambaye hajaifikia hii albamu: ni ya 1989, Remmy Ongala na bendi yake Super Matimila, imerekodiwa Uingereza kwenye studio za Real World za mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, kijiji kinaitwa Box karibu na mji wa Bath, na lebo hiyohiyo ndo iliyoitoa, mwaka uleule walioitoa Babeti Soukous ya Tabu Ley. Mle ndani kuna Nasikitika, Karola, Kipenda Roho, Sauti ya Mnyonge, Usingizi, Muziki Asili Yake Wapi na nyingine. Remmy alizaliwa 1947 Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaingia Matimila, na hapahapa Dar ndo alipofariki Desemba 2010. Wanaolijua jina lake Dar ni wengi kuliko wanaozijua nyimbo zake, kwa sababu Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Binamu yangu mdogo kashuka pale miaka miwili nzima akiamini Remmy ni mwenye baa, siku tumempigia Sauti ya Mnyonge akauliza "huyu ndo yule wa kituo?" Toka siku hiyo kwenye kikao chetu anaitwa Wa Kituo na ameshazoea.

Tunapima kwa vitu gani

Cha kwanza ni maneno. Remmy ni mtu wa ujumbe, kaimba kifo, umaskini, haki ya mnyonge, kaimba hadi habari za kondomu wakati watu wanaona aibu kuitaja, kwa hiyo ukisikia gitaa tu maneno yakakupita umeambulia nusu. Cha pili, wimbo ufike mwisho. Dansi inaanza taratibu, mwimbaji anasema yake, halafu magitaa yanafunguka na hapo ndo watu wanainuka, sasa njia yoyote inayokata wimbo kabla ya pale inakudhulumu. Cha tatu, kupatikana na gharama, na hapa nahesabu na mashine ya kuchezea, siyo albamu peke yake. Cha nne, kudumu. Cha tano wengi wanakisahau lakini kwangu ni kikubwa: unasikiliza na nani? Maana kusikiliza peke yako kwenye daladala ni kitu kimoja na kusikiliza na wazee uani Jumapili jioni ni kitu kingine kabisa.

Halafu tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Remmy na bendi yake walirekodi pia Radio Tanzania, na watu walikuwa wananasa nyimbo redioni kwa mikono yao, kwa hiyo unaweza ukapewa kitu ukaambiwa ndo albamu yenyewe kumbe ni rekodi nyingine ya bendi ileile. Siyo mbaya, nyingine ni tamu sana, ila ujue unachosikiliza.

Kaseti

Maneno yanasikika, ila inategemea umri wa kaseti na imechezwa mara ngapi. Ukanda ukichakaa zinazotangulia kuondoka ni sauti za juu, matoazi ya dramu yanafifia, zile "s" za mwimbaji zinakuwa kama kaweka pamba mdomoni, wakati besi inabaki palepale, ndo maana wazee wanasema kaseti ina joto. Na ukanda ukivutika sauti inazama, mjomba wangu ana moja ukiiweka lazima mtu aseme "leo Remmy kaamka na mafua".

Wimbo kufika mwisho, hapa ndo penye balaa. Kaseti nyingi zilizoko majumbani siyo zile orijino, ni za kurekodiwa, mtu kachukua kaseti ya dakika 60, yaani 30 kila upande, kajaza mpaka ukanda umekwisha, na wimbo ulioangukia mwisho wa upande umekatika katikati. Baba mdogo alikuwa na kaseti ya namna hiyo ambayo Muziki Asili Yake Wapi inakatika paap! upande A umeisha. Kaiimba hivyohivyo zaidi ya miaka ishirini, akifika pale ananyamaza, anajua wimbo ndo umeisha. Siku tumeweka CD, wimbo ukapita pale alipozoea ukaendelea, yule mzee akasimama na kikombe chake cha chai mkononi, "hee, kumbe inaendelea!" Tukarudia mara tatu. Rafiki yake akamwambia miaka yote hiyo unaulizia asili ya muziki kumbe hata mwisho wake hukuujua, tulicheka mpaka jirani akachungulia.

Kupatikana: orijino ya Real World ni adimu, ukiipata mara nyingi ni kwa mtu aliyeishi Ulaya au aliyeletewa zawadi. Za kurekodiwa zimejaa kwenye maboksi chini ya vitanda vya wazee, uliza tu nyumbani kwenu kabla hujaenda kununua popote. Redio kaseti nzima ndo shida siku hizi, nyingi mikanda yake ya ndani ya mpira imelegea, ila fundi anayejua anabadilisha. Kabla ya kuweka kaseti ya mtu safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, na uzungushe ukanda kwa kalamu ya biki mwanzo mpaka mwisho ili uachie, kaseti iliyolala muda mrefu ukiibonyeza pleyi moja kwa moja redio inaitafuna. Za dakika 90 ukanda wake ni mwembamba zaidi, hizo ziogope mara mbili. Na zile pembe mbili za plastiki nyuma ya kaseti, kama hazijavunjwa zivunje leo, mtoto asije akabonyeza kitufe chekundu akafuta.

Kudumu: pwani hapa unyevu unaleta kuvu, utaona vumbi jeupe kwenye ukanda, hiyo usiiweke kwenye mashine yoyote mpaka imesafishwa.

Ila kwenye kusikiliza na watu kaseti ina kitu ambacho nyingine hazina. Nyumbani kwa shangazi kuna kaseti ya Remmy iliyorekodiwa juu ya kaseti nyingine, Usingizi inaisha, kuna ukimya kama sekunde tano, halafu mtoto anaanza kulia kwa nguvu zote na sauti ya bibi yetu inasema "mchukue, mchukue huyo". Yule mtoto leo ana watoto wake. Bibi hayupo. Kila ikifika pale watu wanacheka, halafu wanakaa kimya kidogo. Hiyo huwezi kuinunua mahali.

Santuri

Maneno na magitaa: kama sahani ni safi na sindano ni nzima, hapa magitaa yanakaa kila moja kwenye sehemu yake, unaweza ukaamua kumfuata mpiga rithim peke yake wimbo mzima. Lakini nisikudanganye, tofauti hii unaisikia ukiwa na amplifaya na spika za maana. Kile kimashine cha sanduku chenye spika ndani kinakupa raha ya kuona sahani inazunguka, kwenye sauti hakifikii hata CD ya kawaida.

Wimbo kufika mwisho: unafika, ila unanyanyuka kugeuza upande, upande mmoja wa santuri hii ya mzunguko wa 33 na theluthi kwa dakika unabeba kama dakika ishirini na kidogo, ukilazimishwa zaidi sauti inabidi ishushwe. Ndo maana zama zile kuna albamu zilitoka santuri na CD halafu CD ikawa na wimbo zaidi, kwa hiyo kabla hujalipa omba picha ya mgongo wa jalada uhesabu nyimbo.

Gharama ndo inapouma. Hii utaagiza kwa wauzaji wa mitumba ya muziki Ulaya au Marekani, hapo kuna bei ya sahani, usafirishaji, na ushuru ukifika, halafu bado mashine, sindano na amplifaya yenye tundu la phono, yaani la kuchomeka mashine ya santuri. Kuna jamaa yetu aliagiza, mkewe akamuuliza hizi hela zote ni za sahani moja kweli, akajibu "mama, kipenda roho hula nyama mbichi", mkewe akamwambia basi hiyo nyama mbichi uile wewe na Remmy wako, sisi tunapika maharage. Wanaishi vizuri tu, na siku ya kuisikiliza mara ya kwanza yeye mama ndo alikuwa wa kwanza kucheza.

Kudumu: ukiitunza itakuzika. Isimamishe kama kitabu, usiilaze moja juu ya nyingine, usiiache kwenye gari wala dirishani inapinda kama chapati, shika pembeni na katikati kwenye lebo, usiguse mifereji. Vumbi la kwetu ni adui kweli, brashi laini kila unapotaka kucheza. Sindano iliyochoka usiionee huruma, inachimba sahani na ukishaharibu hakuna kurudi.

Kusikiliza na watu: inafaa kwa watu wachache waliotulia. Kwenye sherehe usithubutu, mtu akicheza karibu na meza sindano inaruka.

CD

Hii hakuna anayeiimbia sifa na mimi naionea uchungu, kwa sababu kwa albamu hii imekaa vizuri sana. Maneno unayasikia yote, hakuna mvumo wa ukanda, hakuna kugeuza upande, kuanzia Nasikitika mpaka mwisho unakaa palepale. Na ukiitoa kwenye kompyuta mara moja, kwa faili zisizopoteza kitu kwenye sauti kama WAV au FLAC, unakuwa na nakala yenye kila kitu kilichomo kwenye CD, baada ya hapo hata CD ikivunjika wewe huna wasiwasi.

Kupatikana: za mitumba zipo na kwa kawaida ni nafuu kuliko santuri, ni nyepesi, ndugu anayekuja likizo anakubebea kwenye begi. Shida ni pa kuchezea, laptopu mpya nyingi hazina tena ule mlango wa CD, ila deki ya DVD inacheza CD bila tatizo na nyumba nyingi bado inayo imefunikwa kitambaa pale chini ya tivii.

Hapa angalia sana usiuziwe CD ya kuchoma kwa bei ya orijino. Igeuze uangalie chini, ya kiwandani ni fedha tupu inang'aa, ya kuchoma mara nyingi ina rangi kwa mbali, kijani, bluu au zambarau. Ile rangi ndo inayoshika muziki na jua na joto vinaiua taratibu, unaweza ukaweka baada ya miaka kadhaa ukakuta inarukaruka au haisomi kabisa. Mkwaruzo wa chini siyo mwisho wa dunia, huo unaweza kusuguliwa ukatoka, wa kuogopa ni wa juu upande wa maandishi kwa sababu tabaka la data liko pale chini ya rangi tu. Na ukifuta futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Kusikiliza na watu: nzuri nyumbani, nzuri kwenye gari la zamani lenye redio ya CD. Safari ya Dar Morogoro na albamu hii, fika salama utaniambia.

Simu

Kupatikana hakuna mshindani. Unaandika Remmy Ongala, na kama haiji jaribu "Orchestre Super Matimila" kwa herufi e mwisho, maana nje wameiandika hivyo na programu nyingi hazikisii. Ni njia hii iliyomletea rafiki yangu mmoja Remmy, alikuwa anaangalia Natural Born Killers, ile filamu ya Oliver Stone ya 1994, akasikia Kiswahili, akaganda. Kipenda Roho! Kwenye filamu ya Marekani! Akatafuta saa ileile usiku na asubuhi alikuwa ameshaisikiliza albamu yote.

Gharama: kwa ubora wa kati wa kbps 160, yaani kilobiti 160 kwa sekunde, unakula kama MB 1.2 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika saba ni kama MB 8 na nusu, ubora wa juu wa 320 ni mara mbili yake. Ukiangalia kama video wakati unataka sauti tu unamwaga bando bure. Shusha albamu yote siku moja ukiwa na waifai usikilize bila intaneti, hapo simu inakuwa rahisi kuliko njia zote.

Maneno: kwa spika ya simu, hapana jamani. Besi yote inapotea, inabaki sauti na gitaa la juu kama linapigwa ndani ya kopo. Tumia hata zile za masikioni za waya za bei ya chini, utashangaa kumbe kulikuwa na mpiga besi.

Wimbo kufika mwisho: programu za bure zinachanganya mpangilio wa nyimbo na kuingiza matangazo, ndo unaambiwa ununue sabuni kabla hujatulia na Sauti ya Mnyonge. Kuna pia nyimbo zimepandishwa na watu binafsi zikiwa na majina ya kubahatisha, nyingine siyo za albamu hii kabisa. Pandisho lenye jalada la albamu na mwaka 1989 ndo la kushika.

Kudumu: siyo yako. Mkataba ukiisha kati ya wenye muziki na programu, asubuhi unaamka imetoka. Na ile ya kwenda kwa kijana wa kibanda ujaziwe flashi Remmy yote kwa pamoja, najua inavyorahisisha, lakini kwa familia ya marehemu na wapigaji hakifiki kitu, na majina ya nyimbo humo ni "Track 04" mpaka mwisho, hutajua hata uliyoipenda inaitwaje.

Kusikiliza na watu: unganisha na spika ya blutuu, weka simu mbali kidogo na uizime milio. Hakuna kinachoudhi kama magitaa yamefunguka, watu wamesimama, halafu meseji ya mkopo inaingia.

Sasa wewe uko wapi

Kama hujawahi kumsikia Remmy kabisa, anza na simu leo hii na kitu cha masikioni, Karola kwanza halafu Kipenda Roho, usitumie hela yoyote mpaka ujue umependa.

Kama umeshapenda na unataka kitu cha kukaa nacho bila kuumiza mfuko, tafuta CD ya kiwandani, itoe kwenye kompyuta, weka nakala sehemu mbili. Kwa wengi ninaokaa nao hii ndo inawaangukia vizuri, hasa wale wanaotaka kufuata maneno au kujifunza gitaa, maana unarudisha sekunde kumi nyuma mara ishirini na hakuna kinachochakaa.

Kama tayari una mashine na amplifaya na unaipenda ile hali ya kukaa chini na jalada kubwa mapajani, santuri itakufurahisha. Kama huna hata kimoja, usianze na albamu hii peke yake, subiri uwe na sahani kumi unazozitaka kweli ndo ununue mashine.

Kama uko Ulaya au Marekani mambo yanageuka, huko santuri na CD ziko karibu na wewe kuliko kaseti ya kurekodiwa, na ukija likizo wabebee wazee CD, usiwaletee linki.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye kaseti, hiyo usiipime na nyingine. Nenda naye akiwa na nafasi, beba pamba na spiriti, muombe muisikilize wote mwanzo mpaka mwisho pamoja na yale makelele ya kati, na unganisha waya kutoka tundu la hedifoni la redio mpaka kompyuta uirekodi wakati inacheza. Usikate ukimya wa mwisho wa nyimbo, acha iendelee kurekodi mpaka ukanda ugote wenyewe.